Ombi namba 21: subira ya watunzaji wa nakala zetu

Mwishoni mwa 2014, programu ya restic ikiwa bado changa, orodha ya kazi za mradi huo ilipokea ombi namba 21. Lilitaka jambo ambalo mtu yeyote mwenye diski ndogo angelitaka: programu ibane data kabla ya kuiweka kwenye nakala rudufu, ili ichukue nafasi ndogo. Ombi hilo lilitimizwa Agosti 2022, lilipotoka toleo la 0.14.0. Kwa karibu miaka minane watu walikuwa wakiuliza, wakikumbushia, wakipendekeza njia, na wengine wakinung'unika kwamba programu nyingine zinazofanya kazi hiyohiyo zilikuwa zinabana siku nyingi.

Ukilitazama juujuu utasema ni uzembe. Mimi nimefuatilia kazi za watunzaji wa programu hii kwa muda, na naamini miaka hiyo minane ni miongoni mwa mambo ya heshima kabisa yaliyowahi kufanywa katika programu huria.

Restic ilianzishwa na Alexander Neumann, Mjerumani, na hadi leo inatunzwa na watu wachache wanaojitolea. Msimbo wake uko wazi, hauuzwi, na yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia na kuubadilisha. Inavyofanya kazi ni hivi: hukata faili kubwa katika vipande vya wastani wa megabaiti moja, hukipa kila kipande alama inayotokana na yaliyomo, hukifunga kwa siri, kisha hukipeleka kwenye diski ya nje au seva ya mbali. Kipande ambacho tayari kipo hakipelekwi tena. Uzuri wake ni kwamba mahali pa kukata panaamuliwa na data yenyewe, si kwa kuhesabu kutoka mwanzo wa faili. Ukichomeka maneno machache katikati ya faili ya megabaiti mia tano, kinachobadilika ni kipande hicho na pengine jirani yake. Mamia ya vipande vingine vinabaki vilevile. Kwa sisi tunaonunua bando, hapo ndipo mtu anapoamua kama ataweka nakala kila siku au ataachana na habari hiyo.

Sasa ingiza kubana humo ndani. Data ikishafungwa kwa siri haibaniki tena, kwa hiyo lazima ibanwe kwanza, ndipo ifungwe. Lakini mpangilio wa ghala la nakala, kama ulivyobuniwa mwanzo, haukuwa na mahali pa kuandika kwamba kipande hiki kimebanwa na kile hakikubanwa. Kuongeza mahali hapo ni kubadili mpangilio wenyewe, na mpangilio ukibadilika, programu ya zamani haitaweza kusoma ghala jipya. Kuna suala la usalama pia, maana ukubwa wa kipande kilichobanwa unaweza kumdokezea mwizi kilichomo ndani hata kama hawezi kukifungua. Halafu kuna watu waliokwisha kujaza maghala yao kwa miaka, wengine kwa terabaiti, ambao hawakuomba lolote ila faili zao ziendelee kufunguka. Toleo la 0.14.0 liliyabeba yote hayo: maghala mapya yalipata mpangilio wa pili, ya zamani yakaendelea kusomeka kama kawaida, na ikawekwa amri maalumu kwa mwenye ghala anayetaka kuhamia huko kwa hiari yake.

Programu ya kuhariri picha ikikosea, unaona palepale. Programu ya nakala ikikosea leo, unaweza kugundua miaka mitatu baadaye, siku ambayo kompyuta imeibwa na kilichobaki ni nakala hiyo tu. Hapo hakuna wa kumrudia.

Na kosa lilikuja kweli. Januari 2024 lilitoka toleo la 0.16.3, likiwa na msimbo mpya wa kubana uliotoka mradi mwingine huria. Ndani ya msimbo huo mlikuwa na kasoro. Mtu aliyechagua kubana kwa kiwango cha juu kabisa, katika mazingira nadra sana, angeweza kupata nakala iliyoharibika bila kuambiwa lolote. Mwanzoni mwa Februari likatoka 0.16.4, watunzaji wakiwa wameurudisha msimbo wa awali. Hawakuishia hapo. Waliongeza hatua mpya: kabla kipande hakijaondoka kwenye mashine yako, restic hukifungua tena na kuhakiki kwamba kinarudi kilivyokuwa. Hatua hiyo inaichosha kompyuta zaidi, nao walilisema hilo waziwazi kwenye maelezo ya toleo. Walichagua nakala iende polepole lakini iwe ya kweli. Kampuni inayouza kasi isingeona urahisi wa kuchagua hivyo.

Kazi yenyewe ya kila siku haina shamrashamra. Mtu anaandika usiku wa manane: diski imekufa, ghala linagoma kufunguka, humo mna picha za mzazi aliyekwisha kufariki. Haandiki namba ya toleo wala haambatishi ujumbe wa hitilafu. Mtunzaji, aliyetoka kazini kwake jioni hiyo, anaanza kuuliza kimoja kimoja. Unatumia toleo gani? Amri ya kukagua inasema nini? Umejaribu kupima kumbukumbu ya kompyuta? Swali hili la mwisho linawakera wengi, lakini lina sababu yake. Mara nyingi ghala huharibika kwa sababu ya vifaa vyenyewe, kumbukumbu mbovu au diski inayochakaa, na programu ya nakala ndiyo inayokuwa ya kwanza kuugundua ugonjwa huo kwa sababu inakagua kila kipande. Analaumiwa aliyeleta habari. Na wale ambao faili zao zilirudi salama ni wachache mno wanaokumbuka kuandika.

Mtunzaji akisukumwa sana kinatokea nini? Miezi hiyohiyo ya mwanzo wa 2024 ilitupa jibu la kutisha. XZ ni programu ya kubana faili, imo ndani ya mifumo mingi ya Linux, na kwa miaka ilibebwa zaidi na mtu mmoja kutoka Finland, Lasse Collin. Mwaka 2022 watu wenye majina yasiyojulikana walianza kumshinikiza hadharani: kazi inachelewa, ongeza mtunzaji mwingine. Alijibu kwamba amekuwa na matatizo ya afya ya akili, na kwamba kazi hiyo anaifanya bila malipo. Shinikizo halikukoma. Msaidizi aliyejiita Jia Tan alikuwa ameshaanza kuleta marekebisho mazuri, akaaminiwa, akapewa mamlaka. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri. Machi 29, 2024, mhandisi Andres Freund alitangaza alichokigundua, baada ya kujiuliza kwa nini kuingia kwenye seva kulikuwa kunachelewa kwa nusu sekunde. Wachunguzi wengi wanaamini wale walalamikaji wa 2022 walikuwa sehemu ya njama. Inaniuma kwamba hila hiyo ilifaulu kwa sababu kumfokea mtu anayejitolea tumelifanya jambo la kawaida, hata adui akajichanganya humo asitambulike.

Subira haimaanishi kukaa kimya. Attic, programu nzuri ya nakala iliyoandikwa na Jonas Borgström, ilikuwa inapokea mabadiliko polepole kuliko wachangiaji walivyotamani. Mwaka 2015 baadhi yao walichukua msimbo wake, kama leseni inavyoruhusu, wakaanzisha Borg, ambayo Thomas Waldmann amekuwa nguzo yake. Hawakumtukana mtu, walibeba mzigo wenyewe. Rsync nayo, programu ya kunakili faili iliyotangazwa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996, ilibebwa na Wayne Davison kwa miaka mingi, kisha mwaka 2024 Tridgell akarudi kuipokea tena. Muda mfupi baadaye, Januari 2025, toleo la 3.4.0 liliziba mianya sita ya usalama. Fikiria kama pasingekuwa na mtu wa kuipokea.

Borg 2, toleo jipya la ile Borg, imekuwa kwenye majaribio tangu 2022, na waandishi wake wanawaonya watu wasiikabidhi data yao ya kweli, huku mfululizo wa kwanza ukiendelea kurekebishwa pembeni. Mtu asiyejua kuandika msimbo ana kazi hapo. Tafuta diski ya ziada, chukua faili ambazo unazo pia mahali pengine, ziweke, zirudishe, zilinganishe, kisha andika kilichotokea pamoja na namba ya toleo na aina ya kompyuta. Hata kama kila kitu kimerudi salama, ripoti hiyo humpa mtunzaji majaribio ambayo hawezi kuyafanya mezani kwake: mashine ya zamani, intaneti ya simu, na umeme unaokatika nakala ikiwa nusu.