Amri mpya imetoka: je, kompyuta yako imeisikia?

Ndugu mfanyakazi, wajua ya kuwa ilani ya usalama iliyobandikwa mlangoni mwa biro haimlindi mtu aliyeteremka shimoni tangu alfajiri. Hajaisoma. Na kompyuta, au ordinatere kama tunavyoiita, ni vivyo hivyo.

Tuseme asubuhi hii wakubwa wa kompyuta wanakataza flashi katika mashine zote za kazi. Amri hiyo wanaiandika mara moja tu, katika mashine kubwa inayoongoza mtandao wa kampuni. Lakini mashine ya kapita, ile ya kuandika majina ya wanaoteremka na wanaopanda, haiipati papo hapo. Kompyuta za Windows huuliza amri mpya zinapowashwa, mtu anapoingia kwa jina lake, na halafu, zisipopangiwa vingine, kila baada ya dakika 90. Juu yake huongezwa dakika kadhaa, hadi 30, ili zisisongamane zote kwa pamoja kama watu mlangoni pa kantini. Basi mlango waweza kubaki wazi karibu saa mbili. Flashi ya nyimbo, ambayo jana mtoto aliichomeka kwa jirani, haihitaji muda wote huo! Stuxnet, virusi iliyogunduliwa mwaka 2010, ilijua kusafiri kwa flashi, nayo ilifika hata katika mitambo ya Natanz, kule Iran, isiyounganishwa na intaneti.

Dawa ni fupi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Katika dirisha jeusi andika gpupdate, ubonyeze Enter tena. Mashine itachukua yaliyobadilika, kisha itakuambia kama imefaulu. Ikishindwa, tazama kwanza waya wa mtandao.

Sasa sikiliza vizuri. Iko pia gpupdate /force, inayorudisha amri zote, za zamani na mpya. Vijana wa biro wanaipenda mno. Kwa maoni yetu inatumiwa ovyo, kwani mara nyingi ile ya kwanza yatosha. Amri nyingine, kama ile ya kuweka programu mpya, hazishiki mpaka mashine izimwe na kuwashwa tena, nayo itakuuliza kama wakubali. Usijibu ndiyo kwa mazoea! Ikiwa kioo hicho ndicho kinachoonyesha pompi za maji au hewa inayopelekwa chini, wenzako shimoni wanategemea macho yako. Mpigie simu mkubwa wa zamu, ungoje mpaka mtu amesimama penye pompi. Na neno /boot usiliongeze kamwe: likiwapo, mashine inayohitaji kuzimwa itajizima bila kukuuliza.

Nawe mama, baba akileta nyumbani kompyuta ya kazi, isiwe ya michezo ya watoto. Ikiwa mbali na mtandao wa kampuni inafuata amri za zamani, hata kwa mwezi mzima. Ikirudi kazini, iunganishwe na kupewa gpupdate kabla ya kazi yoyote.

Mwenye shaka aandike gpresult /r. Ataona majina ya amri zilizofika na saa zilipopokelewa mara ya mwisho. Sehemu ya mashine yenyewe huonyeshwa msimamizi wake tu. Saa hiyo iandikwe katika daftari ya zamu, kando ya jina la mashine.