"Alhamdulillahi" ya bibi wa Vanga

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Maneno hayo nimeyajua tangu utoto, lakini yalinikaa sawasawa siku nilipokwenda Vanga, mji wa Wavumba ulio mpakani na Tanzania, nikiwa na karatasi za maswali mkononi.

Maswali yenyewe ni 36, yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010. Mtu huulizwa: katika siku 30 zilizopita, umepata ugumu gani kutembea, kujihudumia, kukaa na wenzio? Sehemu ya mwisho yahusu kushiriki mambo ya watu. Mimi nilisaidia kuyatia katika Kiswahili. Mwingine akayarudisha katika Kiingereza bila ya kuyaona yale ya asili. Kisha ikabaki kuyajaribu kwa wenyewe.

Karatasini tuliandika "shughuli za jamii", nikadhani kazi imekwisha. Kumbe!

Bibi mmoja, ambaye mguu wake hauna nguvu tangu apigwe na kiharusi, nilimwuliza kama apata ugumu kwenda katika shughuli. Akacheka.

"Mwanangu, Ramadhani hii nani afanyaye harusi?"

Nikamwuliza tena kama aona taabu yoyote kutoka.

"Alhamdulillahi."

Nikatia alama: hakuna ugumu.

Aliyenitoa ujinga ni mjukuu wake. "Bibi hajatoka uani tangu Rajabu. Jirani alipofiliwa, yeye alilia hapa hapa kitandani. Bamvua likija njia hujaa maji, na hana wa kumshika mkono."

Msomaji, shukurani ile ilikuwa baina ya bibi na Mola wake; mimi nikaigeuza hesabu. Na aliyeandikwa kuwa hana ugumu, nani atamkumbuka wakati wa kugawa msaada?

Tuliyafuta yale maneno. Tukaandika "mambo ya watu, kama vile maziko, harusi, maulidi, sala msikitini na mazungumzo ya baraza". Na kabla ya kutia alama, humwacha mtu aeleze: mara ya mwisho ulikwenda lini, na nani alikupeleka? Bibi alipoulizwa hivyo, alinyamaza kitambo, kisha akaeleza mengi.

Sisi twajua kwamba Abdullahi bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, naye akaadhini Madina katika zama za Mtume (S.A.W.). Hakuachwa uani akishukuru peke yake. Basi nasi tukimjulia hali jirani, tusitosheke na "alhamdulillahi" tukaaga. Tumwulize pia nani atamshika mkono.