Muziki Andishi Uanzie Miguuni

Si nadra, katika Tamasha la Muziki la Kenya, kuona wimbo wa Wakipsigis ukipandishwa jukwaani kwa sauti nne, waimbaji wamesimama wima kama miche ya michai kitaluni. Melodia ipo, ngoma haipo. Nasema haya nikiwa mwanaisimu, wala si mtunzi wa muziki. Lakini kuchanganya ngoma za jadi na muziki andishi wa vikundi vidogo, ule wa fidla mbili, viola na selo, ni suala la ukopaji, na ukopaji ndio riziki yangu.

Mfano mzuri uko Kapkatet, kwenye njia itokayo Sotik kwenda Kericho. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko wasichana wakiimba kwa kufuatana na kinubi cha chepkongo. Walimwimba “Chemirocha”, yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imewafikia kwa santuri. Hebu litazame jina hilo, msomaji. Kikipsigis hakipambanui j na ch, basi j ikawa ch. Na mwanzo wa neno ukaja kufanana na che- ya majina ya kike kama Chebet na Chelang’at. Mgeni akavishwa sarufi ya wenyeji. Tena, kwa maelezo ya Tracey, wasichana walimfanya kiumbe nusu mtu nusu paa, wakamwalika acheze hadi nguo zimvuke. Hawakumuuliza kama anajua noti!

Watunzi wetu wengi huchota melodia na kuiacha hatua. Ilhali mguu unaokita na bega linaloinuka ndivyo vinavyotuonyesha mkazo uko wapi. Kikipsigis chenyewe ni lugha ya toni, nasi huiandika bila alama za toni. Anayeijua hujisomea, mgeni hubaki kukisia. Noti zisizo na ngoma humwacha mpiga fidla katika hali iyo hiyo.

Justinian Tamusuza wa Uganda alitunga Mu Kkubo Ery’Omusaalaba mwaka 1988 kwa ala nne za nyuzi. Sehemu ya kwanza ilirekodiwa na Kronos Quartet katika albamu ya Pieces of Africa ya mwaka 1992. Humo nyuzi hudonolewa na kupishana kama wapigaji wa amadinda, kila mmoja akijaza pengo la mwenzake. Fidla ndizo zilizolazimika kujifunza lafudhi ya Buganda.

Wapo watakaosema kwamba fidla ni ghali. Ni kweli, lakini fidla si hatua ya kwanza. Mtaala wa umilisi umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu. Basi mwalimu wa Sotik amwalike mzee apigaye chepkongo pamoja na mama ajuaye kucheza, wanafunzi wacheze muhula mzima, ndipo kalamu ishikwe. Nakala za rekodi za Tracey zilirejeshwa kwa Wakipsigis mwaka 2014. Sauti zimo, ila kinasa sauti hakikuweza kunasa hatua za wachezaji, na wanaozikumbuka wanazidi kupungua.