Kila ndege na ubawa wake

Ipo desturi iliyoota mizizi Unguja na Pemba, nayo yafaa ikemewe kwa upole lakini bila ya kuoneana haya. Mtu akivimba miguu, jirani humtolea vidonge vyake mwenyewe na kumwambia: "Hivi ni vya kukojosha, meza utapungukiwa." Huruma hiyo ni ya kusifiwa. Kosa lake ni kudhani kwamba dawa zote za kukojosha ni moja.

Natutazame kwanza kazi ya figo. Figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za maji kutoka katika damu kwa siku, ilhali mkojo utokao aghalabu hauzidi lita 2. Yaliyosalia hurejeshwa katika damu na mirija myembamba, ambayo idadi yake hukaribia milioni moja kwa kila figo. Mirija hiyo hurejesha chumvi, na chumvi irudipo, maji huifuata. Basi dawa hizi, takriban zote, hazisukumi maji. Huizuia chumvi isirudi. Zinatofautiana mahali zinapoizuia.

Frusemaidi hufanya kazi katika kitanzi cha Henle, panaporejeshwa kiasi cha robo ya chumvi iliyochujwa. Kwa hiyo nguvu yake ni kubwa na ya haraka, na hutegemewa pale moyo unapodhoofu na maji kujaa mapafuni. Dawa za kundi la thiazaidi huizuia chumvi mbele zaidi, panaporejeshwa kiasi cha asilimia 5 tu. Nguvu yake ni ya wastani lakini ya kudumu, hivyo huwafaa wengi wenye shinikizo la damu. Makundi haya mawili huupotezea mwili potasiamu. Ikipungua mno, misuli hulegea na mapigo ya moyo huvurugika.

Spironolaktoni huenda kinyume. Huipinga homoni ya aldosteroni mwishoni mwa mirija, na potasiamu hubaki mwilini. Ikizidi, moyo waweza kusimama. Hata madafu, kinywaji chetu cha heshima, yana potasiamu nyingi. Atumiaye dawa hii, hasa mwenye figo dhaifu, hana budi kumuuliza daktari kabla ya kuyazoea.

Kila ndege huruka na ubawa wake. Na uvimbe nao hauna asili moja: waweza kutokana na moyo, figo, ini, au hata matende, ambayo vidonge hivi haviyatibu. Anayemgawia jirani dawa asiyoandikiwa humpa bahati nasibu. Kadhalika, mgonjwa anayetaka kufunga Ramadhani asijikatie dawa wala kujipangia saa mwenyewe. Amwone daktari kabla ya mwezi kuandama.

Kwa viongozi wenzetu tuna neno moja. Haitoshi kuhesabu makasha ya dawa yaliyofika zahanati. Iulizwe pia: je, mgonjwa anayetumia dawa hizi hupimwa potasiamu na kazi ya figo zake? Je, yule avukaye kwa mashua kutoka kisiwa kidogo hupata kipimo hicho siku hiyo hiyo, au huambiwa arudi kesho? Kidonge bila ya kipimo ni nusu ya tiba. Afya ni amana, na kila aliyekabidhiwa amana ataulizwa.