Nywila ya BIOS ikisahaulika, tafuta stakabadhi kabla ya bisibisi

MTU aliyesahau nywila ya Windows hana sababu kubwa ya kukosa usingizi. Mambo yakimshinda kabisa, programu hiyo huweza kupachikwa upya na kipakatalishi kikaendelea kufanya kazi. Shida halisi humpata yule anayedaiwa nywila punde tu anapokiwasha, kiwambo kikiwa bado cheusi na Windows haijaanza kujitokeza.

Nywila hiyo hutunzwa na BIOS, yaani programu ya msingi iliyohifadhiwa kwenye ubao mkuu wa mashine, ambayo huamka kwanza kisha ikaziamsha sehemu nyinginezo. Katika mashine za kisasa huitwa UEFI, ingawa jina la zamani bado limeshika vinywani mwa mafundi. Kwa kuwa haimo kwenye diski, kubadilisha diski hakuiondoi nywila.

Hapa ndipo ushauri wa kale unapowapoteza wengi. Katika tarakilishi nyingi za mezani za miaka ya 1990, nywila iliwekwa kwenye kumbukumbu ndogo iliyotegemea betri ya volti 3 inayofanana na sarafu. Betri ilipoondolewa kwa muda, kumbukumbu ilifutika na nywila ikaenda nayo. Watengenezaji wa vipakatalishi waliing'amua hila hiyo, wakaihamishia nywila kwenye chipu isiyohitaji umeme ili kukumbuka. Anayeing'oa betri hiyo leo aghalabu hupoteza saa na tarehe tu.

Wapo mafundi wanaoiandika upya chipu yenyewe kwa kifaa maalumu. Kazi hiyo hufaulu kwa baadhi ya mashine, lakini kosa dogo huiacha ikiwa imekufa kabisa. Kwa maoni yangu, mashine isiyokuwa karibu kutupwa haistahili kamari hiyo.

Njia halali ni kumwendea mtengenezaji ukiwa na ithibati ya umiliki. Dell imekuwa ikiwapa wamiliki wa baadhi ya mashine zake nywila ya kufungulia, kwa kutumia nambari iliyobandikwa chini ya mashine. Apple, kwa tarakilishi zake zenye vichakataji vya Intel, hutaka ufike dukani mwake au kwa wakala aliyeidhinishwa ukiwa na stakabadhi halisi ya ununuzi. Lenovo ni kali zaidi: nywila ya msimamizi ya ThinkPad ikisahaulika, sharti ubao mkuu ubadilishwe, tena kwa gharama ya mwenyewe.

Je, kazi zako zilizomo ndani? Ikiwa diski haikufungwa kwa nywila yake wala data haikusimbwa, fundi anaweza kuitoa na kuisoma kwenye tarakilishi nyingine. Iwapo imesimbwa kwa BitLocker, utahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao huenda umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute ufunguo huo kabla ya ubao mkuu kuguswa, kwani kwa kawaida nakala inayotumiwa na mashine yenyewe hulindwa na chipu iliyo kwenye ubao huohuo. Ubao ukiondoka na ufunguo haupo, data nayo imepotea.

Hali huwa ngumu zaidi kwa anayenunua vipakatalishi vilivyotumika ng'ambo, vile ambavyo wafanyabiashara wa Nairobi huviita "ex-UK". Vingi vilikuwa mali ya ofisi, na ofisi nyingi huweka nywila ya msimamizi. Isipoondolewa kabla ya mauzo, mnunuzi hurithi kufuli asiyokuwa na stakabadhi ya kuifungulia. Isitoshe, nywila hiyo haizuii Windows kuwaka, kwa hivyo mashine huonekana nzima dukani. Kasoro hujitokeza miezi kadhaa baadaye, mwenyewe anapotaka kupachika Windows upya kutoka kwenye flashi.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, izime mashine, uiwashe tena, kisha ubonyeze F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa ThinkPad mara kadhaa ili uingie kwenye mipangilio ya BIOS. Ukidaiwa nywila, mwambie muuzaji aiondoe mbele yako. Muuzaji wa kweli anaweza kuiulizia kwa waliomuuzia. Asipoweza, huenda mashine hiyo iliibwa, na hufai kuilipia.