Anayeahirisha si mvivu

Mwanafunzi anayesafisha nyumba nzima ili asifungue tasnifu yake hajakosa nguvu, anakimbia hisia. Watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl wamelieleza hivyo: tunaahirisha kazi ili kukwepa hofu, aibu au karaha inayoamshwa nayo. Nafuu huja papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayojenga mazoea. Kumkaripia mtu huyu ni kumwongezea aibu ileile anayoikimbia. Tiba inayoshughulikia fikra na mwenendo huanzia hapo: mshauri na mteja huchunguza wazo linalotangulia kukwepa, labda "nikikosea nitachekwa", kisha huigawa kazi hadi ipatikane hatua ndogo, aya moja tu, ya kuanza bila kungoja ari. Mara nyingi ari hufuata tendo.

Nchini Sweden, Alexander Rozental na wenzake walichapisha mwaka 2015 jaribio la watu 150. Waliopata tiba hiyo kwa intaneti kwa wiki 10 walipunguza kuahirisha kuliko waliokuwa wakisubiri zamu. Mtu atasema dawa ni nidhamu tu. Lakini baadhi ya wanaoahirisha huwahi kazini na hulea watoto vizuri. Hukwama penye jambo linalowatisha. Hoja ya gharama ni nzito zaidi, kwani washauri ni wachache. Hata hivyo nchini Zimbabwe, kupitia mradi wa daktari Dixon Chibanda, mabibi waliofunzwa huwasaidia watu kutatua matatizo hatua kwa hatua, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Ila ari ikipotea kwa zaidi ya wiki mbili, pamoja na usingizi na hamu ya kula, huenda ni sonona, na hapo mtu aende hospitali kwanza.