Adui Asiyepimwa kwa Kimo cha Mchezaji
Nashikilia kwamba mchezo wa kompyuta usiopunguza ukali wa adui kwa ajili ya mchezaji humfunza kusoma dalili. Katika Fallout: New Vegas wa mwaka 2010, njia fupi ya kutoka Goodsprings hadi jijini hupita Sloan, penye timbo lililotekwa na madubwana ya makucha (ambayo asili yake, ajabu, ni kinyonga wa Jackson, mwenyeji wa milima yetu!). Hakuna tarakimu inayotangaza nguvu zao. Lakini wachimbaji wameacha kazi, na kiongozi wao humwonya mgeni. Msikivu huzunguka kusini. Mwenye kiburi huraruliwa. Katika Oblivion wa mwaka 2006, adui alikua sambamba na mchezaji, hata wanyang'anyi wa njiani wakavaa deraya za fahari. Hapo, enyi wanafunzi, mtu apeleleze nini?